Ghala la Kioo la Mtaa wa Major

Mtu aliyepita Mtaa wa Major, katikati ya jiji la Manchester, kabla ya mwaka 1974 hakuwa na sababu ya kusimama mbele ya York House. Kwa mbele lilikuwa ghala la kitajiri kama mengine ya zama za Mfalme Edward, na Manchester ilikuwa nayo tele. Ajabu yake ilikuwa mgongoni. Huko nyuma mbunifu wake, Harry S. Fairhurst, hakujenga ukuta. Alisimamisha kioo, ghorofa juu ya ghorofa, na kadiri jengo lilivyopanda ndivyo kioo kilivyorudi ndani hatua kwa hatua, kama ngazi. Lilimalizika mwaka 1911. Mwaka huohuo huko Ujerumani Walter Gropius alikuwa anaanza kiwanda cha Fagus, ambacho vitabu vya usanifu mpaka leo hukitaja miongoni mwa vianzio vya kuta za kioo. York House halipati heshima hiyo. Lilikuwa ghala la vitambaa, na uzuri wake ulielekea uchochoroni.

Kioo hicho hakikuwa pambo. Manchester ni mji wa mvua na mawingu, na siku zile moshi wa makaa ya mawe uliufunika mchana kutwa. Mtu anayekagua jora la bafta anahitaji mwanga mweupe, mwingi, usio na jua kali. Akiukosa, hataona uzi uliokatika, doa la mafuta ya mashine, wala tofauti ya rangi kati ya jora hili na lile. Taa ya gesi humdanganya, na taa ya umeme ya wakati ule ilikuwa na umanjano wake. Ndiyo maana maghala ya mji huo yalijengwa kwa kuufuata mwanga. Ukaguzi ulifanyika ghorofa za juu, ufungaji mizigo ukashushwa chini kabisa, na kuta za nyuma zikapigwa matofali meupe ya kung'aa ili hata mwanga mchache ulioanguka uchochoroni urudishwe madirishani. Fairhurst aliichukua desturi hiyo akaifikisha ukomo wake. Kama kazi ya nyuma ya ghala ni kuona, basi nyuma yote na iwe dirisha.

Wengi wakisikia Manchester na pamba huwaza viwanda, mabomba ya moshi na watoto waliokondeana chini ya mashine. Hayo yalikuwepo. Lakini viwanda vya pamba ndani ya mji wenyewe vilifikia kilele mwaka 1853, vikiwa 108, kisha vikaanza kupungua. Usokotaji ulijikita Oldham na Bolton, ufumaji ukaenda Blackburn, Burnley na Nelson. Mjini yakabaki maghala, na maghala ndiyo yaliyoshika fedha. Mwenye ghala hakuhitaji kumiliki mashine hata moja. Alikuwa na oda kutoka Calcutta au Istanbul, mtaji wa benki, na jicho. Alinunua kitambaa kibichi kwa mfumaji, akakipeleka kwa mpaushaji, kwa mtia rangi au kwa mpiga chapa, na kila mmoja akalipwa ujira wake. Kikirudi ghalani kilikaguliwa, kikakunjwa, kikafungwa, kikasafirishwa. Mfumaji hakumjua mvaaji, na mvaaji hakumjua mfumaji. Aliyewajua wote wawili alikuwa huyu wa katikati, na ujuzi huo ndio aliokuwa akiuuza.

Biashara ya namna hii ilitaka sura. Mwaka 1839 Richard Cobden, mfanyabiashara wa vitambaa vya kuchapwa na mpiganiaji mkubwa wa biashara huria, alijengewa ghala Mtaa wa Mosley na mbunifu Edward Walters kwa kuiga majumba ya wafanyabiashara wa Italia ya kale. Kuanzia hapo kila aliyepata alitaka la kwake. S. & J. Watts walimaliza ghala lao la Mtaa wa Portland mwaka 1856 kwa gharama ya takriban pauni 100,000, kila ghorofa ikiwa na mtindo wake: huku Misri, huku Italia, huku Uholanzi. Ni jengo la kujionyesha, na kwa macho yangu limezidisha, ila mteja wa kutoka mikoani aliyepanda ngazi zile za chuma hakuwa na shaka tena kama wenyeji wake wangelipa madeni. John Rylands, aliyefariki mwaka 1888, alikusanya utajiri uliomfanya ahesabiwe milionea wa kwanza wa pamba mjini humo. Mjane wake Enriqueta, mzaliwa wa Havana, aliutumia kujenga maktaba Mtaa wa Deansgate iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1900, na humo ndimo kinamohifadhiwa kipande kidogo cha mafunjo chenye maneno ya Injili ya Yohana, kati ya vilivyo vya kale kuliko vyote vya Agano Jipya. Sehemu kubwa ya pamba iliyoijenga Manchester ya kina Rylands ilichumwa na watumwa wa Marekani. Maktaba hiyo ni nzuri sana, na hilo la watumwa halina budi kusemwa kila inaposifiwa.

Biashara ya ng'ambo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni. Ndugu wa ukoo wa Ralli, Wagiriki wa kisiwa cha Chios, walikuwa na ofisi Manchester tangu miaka ya 1820, na baadaye matawi yao yakaenea mpaka Calcutta, Bombay na Karachi. Wajerumani walikuwa wengi kiasi cha kuwa na klabu zao na kumleta mjini Charles Hallé, aliyeanzisha okestra inayobeba jina lake hadi sasa. Mmoja wa makarani wa Kijerumani alikuwa Friedrich Engels, mtoto wa mshirika wa kampuni ya Ermen & Engels. Alikuja mara ya kwanza mwaka 1842, akarudi mwaka 1850 na kukaa miaka karibu 20, mchana akiandika barua za biashara ya nyuzi, na mshahara wake akiugawa na rafiki yake wa London aliyekuwa akiandika kitabu juu ya mtaji. Kwa hiyo hata Karl Marx alikula pamba ya Manchester.

Walikuwepo pia Waislamu wa Fez, Moroko, waliotembea mitaa ile ya mvua na vilemba vyao kwa vizazi kadhaa, mpaka biashara ilipoanguka miaka ya 1930. Walikuwepo Waarmenia, Wayahudi wa Aleppo na wa Uturuki, Wakristo wa Shamu. Fadlo Hourani alitoka Marjayoun, kusini mwa Lebanoni ya leo, akajishughulisha na kusafirisha vitambaa vya pamba kwenda Mashariki ya Kati. Shule ya watoto iliyokuwa karibu haikupokea watoto wa wageni, naye akaanzisha shule yake. Mwanawe Albert, aliyezaliwa Manchester mwaka 1915, ndiye Albert Hourani, mwanahistoria mashuhuri wa mataifa ya Kiarabu. Na mwaka 1911, mwaka wa York House, Myahudi mmoja wa Bulgaria alihamia Manchester na familia yake kufanya kazi katika biashara ya shemeji zake. Alifariki ghafla mwaka uliofuata. Mtoto wake mkubwa, aliyejifunza Kiingereza humo, alikuwa Elias Canetti, ambaye mwaka 1981 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Tushuke sasa ghorofa ya chini, kwenye kazi yenyewe. Jora lililopita ukaguzi lilipigwa muhuri wa urefu wake, namba yake na alama ya kampuni. Kisha likabandikwa karatasi ndogo ya rangi na dhahabu: tembo, simba, mungu wa Kihindu, malkia, meli, mwanamke anayechota maji. Mnunuzi wa sokoni Bombay au Shanghai hakuwa na haja ya kusoma jina la kampuni ya Manchester. Alijua tembo wake. Picha hizo zilikuwa mali, na watu walishtakiana juu yake. Mwaka 1882 kesi ya lebo ya tembo wawili, iliyobandikwa kwenye nyuzi nyekundu zilizouzwa Bombay na Aden, ilipanda kutoka mahakama hadi mahakama mpaka Baraza la Malodi, London. Waliofungua kesi, watia rangi wa Uskoti, walishinda, kwa hoja kwamba mnunuzi wa huko angeona tembo wawili na kudhani ni bidhaa ileile aliyoizoea. Manchester ilikuwa hata na ofisi yake ya kusajili alama za vitambaa, kwa jinsi alama hizo zilivyokuwa nyingi.

Baada ya lebo ni shinikizo. Meli zilitoza nauli ya vitambaa kwa nafasi mzigo unaochukua, kwa hiyo kila inchi ya hewa iliyobaki ndani ya robota ilikuwa hasara. Tangu mwaka 1894 halmashauri ya jiji ilikuwa ikisukuma maji yenye nguvu kupitia mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara, na maghala yalilipia maji hayo kama leo tunavyolipia umeme. Yaliendesha lifti za mizigo na mashinikizo ya chini ya ardhi. Majora yalipangwa, shinikizo likashuka, na rundo la kimo cha mtu likawa kitu kigumu kama gogo. Likiwa bado limebanwa lilivishwa karatasi, kitambaa kisichopitisha maji na gunia, likashonwa, likafungwa mikanda ya chuma, na ubavuni likaandikwa kwa wino mweusi alama ya mpokeaji na jina la bandari. Maji hayohayo yalitia ufunguo saa kubwa ya jengo la halmashauri.

Miongoni mwa bandari hizo zilikuwamo Zanzibar na Mombasa, na hapa historia ya Manchester inaingia nyumbani kwetu, ingawa kwa kuchelewa. Sultani Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kwa miongo mitatu soko la pwani lilikuwa la wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Merikani, kitambaa chao cha pamba, ilikuwa nzito na haikupaushwa, lakini ilidumu. Waingereza walijaribu kuiga na kuuza kwa bei ya chini, na hawakufika mbali. Mpwani hakununua kwa macho tu. Alikishika kitambaa, akakivuta, akakifua. Kitambaa kingi cha Lancashire, mkoa ulioizunguka Manchester, kilitiwa wanga na udongo mweupe ili kionekane kizito, na dobi wa kwanza tu aliufichua udanganyifu huo. Tena bara, ambako doti ya merikani ilitumika kama fedha ya kulipia hongo ya kupita njiani, chakula na wapagazi, msafara uliobeba kitambaa hafifu ulikuwa umebeba sarafu isiyokubalika. Hesabu hiyo haikuandikwa kwenye daftari lolote la Mtaa wa Portland, lakini iliwanyima wenye maghala soko zima.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861, ndivyo vilivyogeuza mambo. Meli za Salem hazikuja tena na merikani, na pengo likajazwa na vitambaa vya Uingereza na vya viwanda vya Bombay. Kwa Lancashire yenyewe vita hivyo vilikuwa njaa: pamba haikuja, viwanda vikafungwa, mamia ya maelfu wakaishi kwa misaada. Hata hivyo, tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi walikusanyika katika ukumbi wa Free Trade Hall wakatangaza kumuunga mkono Abraham Lincoln dhidi ya utumwa, naye akawaandikia barua ya shukrani Januari iliyofuata. Baadhi ya wenye maghala, kwa upande wao, walikuwa na marobota ya akiba yaliyopanda bei kila mwezi. Baadaye zikaja kanga, zikichapwa Uholanzi, Uingereza na kwingineko kwa maagizo ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar na Mombasa, waliojua fika kwamba rangi iliyopendwa mwaka jana mwaka huu haitatoka dukani. Na mwaka 1902, kwa kuogopa kuitegemea pamba ya Marekani, watu wa pamba wa Lancashire waliunda Shirika la Waingereza la Kilimo cha Pamba, ambalo mkono wake ulifika Uganda, ambako zao hilo lilianza kupandwa mwaka uliofuata.

Ndizo enzi zilizoleta York House. Mfereji wa meli wa Manchester, kilomita 58 kutoka mlango wa mto Mersey, ulikuwa umefunguliwa mwaka 1894, na meli za baharini zikaingia hadi mlangoni pa mji. Wakati huohuo kuwa na jumba la peke yako kulianza kuonekana ufujaji. Mwaka 1896 kampuni kadhaa za ufungaji ziliungana kuwa Lloyd's Packing Warehouses, zikajenga maghala makubwa ambamo wafanyabiashara wengi walikodi sehemu na kushirikiana mashinikizo, lifti na wafungaji. Mgeni mwenye oda moja ya Beirut aliweza kuanza biashara kwa chumba, meza ndefu na karani. Fairhurst ndiye aliyekuwa mbunifu wa kutegemewa wa majengo haya: India House mwaka 1906, kisha Lancaster House na Bridgewater House, yote ndani ya miaka michache. Mifupa yake ni chuma cha feleji, sakafu zake haziungui, na usoni kuna matofali mekundu na udongo wa kuchoma uliofinyangwa maua. Chuma hicho ndicho kilichowezesha York House. Pale ambapo uzito wa jengo umebebwa na nguzo za ndani, ukuta wa nje hauna kazi ila kuzuia mvua, na kioo kinaweza kuzuia mvua.

Mwaka 1913, miaka miwili baada ya York House, Uingereza ilisafirisha nje karibu yadi bilioni 7 za vitambaa vya pamba. India peke yake ilichukua karibu bilioni 3. Uingereza haikufika tena hapo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikata njia za meli, na wateja wakajifunza kujitegemea. Viwanda vya Bombay na Ahmedabad vilipanuka. Vile vya Japani viliendesha mashine mpya usiku na mchana. Wito wa Gandhi wa kususia vitambaa vya kigeni uliwapiga wafumaji wa Lancashire moja kwa moja, na Septemba 1931 alikwenda mwenyewe kuwaona, huko Darwen. Wanawake wa viwandani walimzunguka wakimshangilia, naye akawaeleza bila kuficha kwamba umaskini wa India ni mkubwa kuliko wao. Afrika Mashariki nayo ilitoa pigo lake, safari hii kwa sheria. Mwaka 1934 Uingereza iliweka kikomo cha vitambaa vya Kijapani katika makoloni yake, lakini Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliangukia ndani ya mikataba ya Bonde la Kongo, iliyokataza kubagua bidhaa za taifa lolote. Kwa hiyo Mjapani aliendelea kuuza Mombasa na Dar es Salaam kwa bei ambayo mwenye ghala wa Manchester hakuiweza, chini ya bendera ya Mwingereza huyohuyo. Mwaka 1938 yadi zilizosafirishwa zilikuwa zimeshuka hadi karibu bilioni 1.4.

Halafu mabomu. Usiku wa tarehe 22 na wa 23 Desemba 1940 ndege za Ujerumani ziliua watu zaidi ya 600 Manchester na vitongoji vyake na kuteketeza safu za maghala ya Piccadilly na Portland. Vitambaa vilivyobanwa huungua polepole na kwa muda mrefu. Ghala la Watts liliokoka. York House nalo lilisalia, katika mji ambao haukuwa na haja ya maghala mengi kiasi kile.

Mwaka 1958 Uingereza ilinunua nje vitambaa vingi vya pamba kuliko ilivyouza. Mwaka uliofuata serikali ilipitisha sheria ya kuwalipa wenye viwanda ili wavunje mashine zao. Soko la pamba la Royal Exchange, ambalo miaka ya 1920 lilikuwa na wanachama karibu 11,000, lilifanya biashara yake ya mwisho Desemba 1968. Mwaka huohuo kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikasokota, kikafuma na kuchapa kanga na vitenge kwa pamba ya Tanzania. Mwaka 1972 mitambo ya maji ya mashinikizo ilizimwa moja kwa moja.

York House lilibomolewa mwaka 1974. Kinachoudhi ni kwamba mwaka huohuo, mwezi Oktoba, majengo mengi ya katikati ya Manchester yaliingizwa kwenye orodha ya serikali ya majengo yanayolindwa, na maghala ya Fairhurst ya Mtaa wa Whitworth ni miongoni mwao. Yaliyolindwa ni yale yenye minara na maua ya udongo barabarani, yaani yale yanayoonekana kama mwenye mali alivyotaka aonekane. Sina ugomvi na maua hayo. Lakini jengo lililoonyesha kazi ya mji ule kuliko jingine lolote, kule upande wa wafungaji na wakaguzi, halikupata mtetezi wa kutosha. Na si vigumu kuelewa kwa nini. Ghala la matofali lenye madirisha makubwa hugeuzwa kuwa hoteli au makazi bila taabu, kama lilivyogeuzwa la Watts, ambalo sasa ni hoteli, na kama India House na Lancaster House zenye wapangaji leo. Mgongo wa kioo kimoja kisicho na vyumba nyuma yake, unaovuja joto majira ya baridi katika miaka ambayo bei ya mafuta imepaa, hauna mnunuzi. Kituo cha kusukumia maji cha Mtaa wa Water kimekuwa sehemu ya Makumbusho ya Historia ya Watu. Soko la Royal Exchange limekuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza tangu mwaka 1976, na ubao wa bei umeachwa juu ukutani na tarakimu za siku ya mwisho, ambazo watazamaji wengi hudhani ni sehemu ya mapambo ya jukwaa.